Mtoto wa kuasili anakuja mwezi ujao: nina likizo yenye malipo?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Kigoma, huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Mimi na mume wangu tuna miaka 9 ya ndoa, hatujajaliwa mtoto. Tumepitia Ustawi wa Jamii, wamekuja nyumbani kwetu Mwanga mara mbili, na sasa tumeambiwa tutakabidhiwa mtoto wa kike wa miezi 14 mwezi ujao, kwa malezi ya kambo kwanza huku taratibu za kuasili zikiendelea. Nilipomuuliza afisa utumishi habari ya likizo, alinijibu mbele ya wenzangu, "Likizo ya uzazi ni ya aliyezaa." Niliumia ila sikujua nimjibu nini. Sheria inanipa chochote? Kuna wanaonishauri nitafute karatasi ya hospitali. Na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ana siku zake?
*Mama mtarajiwa, Kigoma*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Mwenzako akipata mimba ofisi nzima humpongeza kabla hata tumbo halijaonekana. Wewe umesubiri miaka 9, umekaguliwa mpaka choo na jiko, halafu ukajibiwa hivyo mbele za watu. Hongera sana.

Nitakuambia ukweli ulivyo, maana barua utakayoiandika itasimama juu ya ukweli huo. Afisa utumishi wako amekosa adabu, lakini kifungu hajakosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Lakini kifungu chote, cha 33, kimejengwa juu ya kujifungua: mfanyakazi atoe taarifa miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, aambatanishe cheti cha daktari, na asirudi kazini kabla ya wiki 6 tangu azae mpaka daktari aridhie. Hakuna mahali mama anayepokea mtoto wa miezi 14 anapoweza kuingia. Mapema 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, mama wa mtoto njiti akaongezewa muda, nasi wenye kulizungumzia jambo hili tukatega masikio. Mtoto wa kuasili hakutajwa.

Najua kuna hoja ambayo mwanasheria atakuambia, na ni hoja nzuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema amri ya kuasili ikishatolewa, mtoto anahesabiwa kama aliyezaliwa na wazazi waliomuasili ndani ya ndoa yao. Kama ni hivyo, kwa nini mama huyo asiwe na likizo ya uzazi? Tatizo liko kwenye kalenda. Amri inatoka Mahakama Kuu, na kabla ya hapo mtoto hukaa kwenu kwa malezi ya kambo, Ustawi wa Jamii wakiwatembelea na kuandika taarifa. Siku jaji atakapotia saini, binti yako atakuwa ameshajua mlango wa kila chumba. Likizo unaihitaji siku anayoingia akiwa haujui hata mmoja.

Kwa hiyo sahau kwanza neno "kuasili" na neno "uzazi". Siku yako ni siku ya kukabidhiwa mtoto, na maombi yako yote yapimwe kuanzia hapo. Wenzetu Kenya wamelitambua hilo: mwaka 2021 walirekebisha Sheria yao ya Ajira, na mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto ili amuasili sasa anapata mwezi mmoja kwa mshahara kamili, akitoa taarifa ya maandishi siku 14 kabla mtoto hajafika. Hawasubiri amri ya mahakama. Afrika Kusini walianza 2020 kutoa wiki 10 kwa mzazi wa kuasili mwenye mtoto wa chini ya miaka 2, malipo yakitoka kwenye mfuko wao wa bima ya wasio na ajira. Marekani, ambako likizo za familia ni chache kuliko watu wanavyodhani, sheria yao ya 1993 inatoa wiki 12 bila mshahara, ikitaja kwa jina mtoto wa kuasili na mtoto wa malezi ya kambo, kwa waajiriwa waliotimiza masharti yake. Na Shirika la Kazi Duniani, kwenye Pendekezo lake Na. 191 la 2000, linazitaka nchi zenye utaratibu wa kuasili ziwape wazazi hao nafasi kwenye kinga za uzazi, likizo ikiwemo. Hakuna kati ya haya linalomlazimisha mwajiri wako wa Kigoma. Ila anayeketi mezani kwako ajue kwamba huombi jambo la ajabu.

Habari ya karatasi ya hospitali, nakusihi usiiguse. Likizo ya ugonjwa ni pana, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, ndiyo maana watu huitamani. Lakini cheti cha uongo ni udanganyifu, na udanganyifu ni sababu ya kumfukuza mtu kazi ambayo wasuluhishi huielewa upesi sana. Wewe ni mhasibu. Jina lako ndilo mtaji wako. Tena Ustawi wa Jamii bado wanaandika taarifa yenu. Mtu mmoja ofisini akikasirika na kupiga simu moja, kitakachoharibika si kazi peke yake.

Sasa tuhesabu ulicho nacho. Kwanza likizo ya mwaka, siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Mwajiri ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya lini utakwenda, lakini hawezi kuisukuma zaidi ya miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kuisha, au miezi 12 kama wewe umeridhia na kazi inadai hivyo. Leo hii kaombe salio lako la likizo kwa maandishi. Wahasibu mna tabia ya kubaki ofisini wakati wa kufunga hesabu na kusahau siku zenu, nisingeshangaa ukikuta una za mwaka jana ambazo bado hazijapitwa na wakati.

Pili, angalia mkataba wako na kitabu cha kanuni za kampuni. Kisome chote, hata kurasa ambazo hakuna anayezifungua. Sheria inaweka kiwango cha chini tu, mkataba unaruhusiwa kutoa zaidi, na ukitoa zaidi unakuwa haki yako kama mshahara. Kampuni nyingi huchukua kanuni zao kutoka makao makuu, Dar es Salaam au Nairobi, na mara kadhaa nimekuta mstari mmoja wa likizo ya kuasili ambao afisa utumishi mwenyewe hakuwahi kuuona. Kama kuna chama cha wafanyakazi, TUICO au kingine, ulizeni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unasemaje. Na kama hausemi kitu, mwambieni katibu wa tawi aliweke mezani mazungumzo yajayo. Kipengele hiki hakimgharimu mwajiri sana kwa sababu wanaokitumia ni wachache.

Tatu, likizo bila malipo. Marekebisho ya 2025 yaliingiza likizo ya dharura isiyo na malipo ya hadi siku 30. Mtoto ambaye tarehe yake mnaijua mwezi mzima kabla si dharura, na usimfanye kuwa dharura. Ziombe kama makubaliano ya kawaida kati yako na mwajiri, ziwe akiba yako endapo atakataa siku za malipo.

Mumeo: siku 3 za baba zenye malipo zinachukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mtoto wa miezi 14 ameshazipita. Lakini mumeo ni mwalimu, na likizo za shule ni mali msiyopaswa kuichezea. Msiondoke kazini wote wawili kwa mwezi mzima mmoja. Kaeni wote siku nne tano za mwanzo, kisha wewe umalize siku zako, na yeye apange za kwake zianze wewe unaporudi. Mtoto atakuwa amekaa na mmoja wenu kwa muda mrefu zaidi kabla hajaachwa na dada wa kazi au bibi.

Ngoja nikueleze kwa nini naling'ang'ania hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafanya kazi Tabora, mdogo wangu akafariki Kasulu akaacha mtoto wa kiume wa miaka 3. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo mtu akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake wa kuzaliwa naye, au mtoto wake akiugua au kufariki. Na hizo siku 4 ni jumla kwa mzunguko wote wa miezi 36, hata misiba ikifuatana. Zikaishia msibani na safarini. Tulirudi na mtoto kwa treni kutoka Kigoma usiku kucha, amekaa mapajani kwangu hakulala, hakulia. Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Mwajiri wangu wa wakati ule akasema ni msimu wa masoko ya tumbaku, nisubiri miezi mitatu. Siku ya pili baada ya kufika nilikuwa ofisini.

Yule mtoto alilala na kandambili zake mkononi. Ukizichukua akiwa usingizini, anaamka. Dada wa kazi akanieleza kwamba mchana hukaa barazani akiwa amezivaa, anatazama geti. Nilikuja kuelewa baadaye: alikuwa tayari kwa safari, kwa sababu kila alipozoea mahali alichukuliwa. Ilipita zaidi ya miezi miwili ndipo asubuhi moja nikazikuta kandambili mlangoni pamoja na zetu. Mpaka leo naamini ningekuwa nyumbani wiki zile nne za mwanzo, angeziacha mapema.

Binti yenu anatoka makao ya watoto, amelelewa na mikono mingi inayopokezana zamu. Kwake mtu mzima ni mtu anayekuja na kuondoka. Likizo yako kazi yake kubwa ni kumwonyesha sura zilezile mbili, asubuhi na usiku, mpaka azitegemee. Ndiyo maana nawaombeni pia mzungumze na ndugu. Najua Kigoma, habari ikifika Ujiji leo, kesho shangazi wanne wako mlangoni na vitenge na ndizi, kila mmoja anataka kumbeba. Wanampenda kweli. Waambieni kwa heshima waje mmoja mmoja, baada ya wiki ya pili au ya tatu, na wasimchukue kwenda naye sokoni.

Kuna na siku ndogo ndogo ambazo watu husahau kuziomba. Maafisa ustawi watakuja kuwatembelea saa za kazi. Mahakama Kuu, mkiwa na bahati, hamtasafiri mbali, masjala iko hapohapo Kigoma, lakini shauri lina tarehe zake na jaji hapangi kwa kufuata ratiba ya ofisi yako. Kliniki nayo: kama amefuata ratiba, chanjo ya kwanza ya surua na rubela alipata miezi 9, ya pili ni miezi 18, ambayo kwenu ni miezi minne tu kutoka sasa. Daini kadi yake ya kliniki siku ya makabidhiano, msikubali kuambiwa italetwa. Siku hizi ziandike kwenye barua tangu mwanzo, ili kila mara usionekane unaomba ruhusa mpya.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, iende kwa meneja mkuu, nakala kwa afisa utumishi. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba kukujulisha kuwa mimi na mume wangu tumeidhinishwa na Ustawi wa Jamii kupokea mtoto wa miezi 14 kwa malezi ya kambo, hatua inayotangulia kuasili. Tutakabidhiwa mtoto tarehe (…). Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28 ianze siku hiyo. Baada yake naomba siku 28 za likizo maalum yenye malipo ili mtoto aizoee familia yake. Nafahamu kuwa sheria haikulazimishi kunipa siku hizi za nyongeza. Naziomba kwa ridhaa yako, na nitashukuru makubaliano yetu yakiwa ya maandishi. Nimeambatanisha barua ya Afisa Ustawi wa Jamii pamoja na mpango wa kukabidhi kazi."

Usiogope sentensi ya kuikiri sheria. Meneja akiona unajua mpaka wako, hamkimbilii mwanasheria, anakusikiliza. Na barua ya Ustawi wa Jamii itaje kibali na tarehe tu. Jina la mtoto, alikotoka, wazazi wake walikuwa nani, hayo si ya ofisi. Ukiulizwa, jibu kwa upole kwamba ni mambo yake mtoto.

Mpango wa kukabidhi kazi ndio utakaokupatia siku. Kinachomtisha meneja wako ni TRA zaidi ya mshahara wako wa mwezi. Andika nani atawasilisha PAYE na SDL (kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi) kabla ya tarehe 7, nani atapeleka ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, michango ya NSSF iko kwa nani, nywila za mfumo zimekabidhiwa kwa nani kwa saini, na kwamba utapokea simu mara moja kwa siku, saa uliyoitaja wewe. Kama unaweza kumfundisha msaidizi wako mzunguko mmoja mzima kabla hujaondoka, mfundishe, hata ikibidi mchelewe kutoka mwezi huu.

Akikataa siku 28 za malipo, usitoke chumbani. Omba 14. Akikataa hizo, omba wiki mbili bila malipo na ruhusa ya kutoka saa tisa alasiri kwa miezi miwili. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Binti yako hatakuwa ananyonya kwako, lakini waajiri wanaufahamu utaratibu huo, na ni rahisi kwao kukubali jambo wanalolijua. Katika miaka yangu 19 kwenye meza ya utumishi, wengi waliopata walipata kwa mtindo huu wa kushuka ngazi moja moja, wakiwa watulivu, kila hatua ikiandikwa.

Na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi? Nenda kama kanuni za kampuni au mkataba wa hali bora unakupa likizo hiyo nao wamekunyima. Mgogoro wa namna hiyo unafunguliwa ndani ya siku 60. Nenda kama mwenzako aliwahi kupewa na wewe ukanyimwa bila sababu, au ukianza kusumbuliwa kazini kwa ajili ya mtoto, kwa maana sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia, na imeyataja hayo waziwazi. Ukiachishwa kazi, siku zako ni 30 tu. Lakini usiende kudai siku 84. Ningependa sana kukuambia vinginevyo. Utatumia nguvu, nauli na uhusiano wako na mwajiri katika miezi ambayo mtoto anakuhitaji mzima.

Neno moja kwa wasomaji wengine, maana wapo wengi Kasulu, Uvinza, Nzega na Urambo waliochukua watoto wa ndugu bila karatasi yoyote. Mtoto ameletwa na bodaboda jioni, na asubuhi uko kazini. Kabla ya kumuomba mwajiri lolote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji upate barua, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri akutambue kama mlezi. Ofisi inaweza kumhurumia mtu asiye na karatasi, lakini haiwezi kuiandikia huruma hiyo likizo.

Mdogo wangu, usisubiri wiki ya mwisho. Barua iandike leo jioni, mumeo aisome. Asubuhi pitia kwa afisa ustawi akupe barua ya kibali yenye tarehe, na ukifika ofisini ipeleke mwenyewe kabla ya saa tano, meneja akiwa bado hajazongwa na mambo ya siku. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani, uiweke kwenye faili moja na kadi ya kliniki.